Sweta la Zambarau

Miaka mitatu Chizuru hakukanyaga kwao, na njia nzima kwenye treni roho ilimsuta. Jirani alikuwa amemdokeza kwa simu kwamba mama yake, Fusae, ameanza kupotewa na akili. Lakini alipofika na mume na mtoto, walimkuta bibi wa watu ameketi miguu chini ya blanketi la meza fupi yenye hita chini yake, anamenya chenza.

"Umenenepa," Fusae alimwambia bintiye. "Mumeo naye kakonda. Chakula chake unakula wewe?"

Takumi, mumewe, alicheka hadi akakohoa. Honoka, binti yao wa miaka sita, alitumbukiza miguu chini ya blanketi akaguta, "Bibi, una miguu ya barafu!"

Chizuru alishusha pumzi. Majirani na umbea wao! Mama ni mzima, na ulimi wake ni ule ule. Jioni wangepanda treni warudi Osaka bila wasiwasi.

Nje mtaa ulikuwa kimya kupita kiasi, mapazia yamefungwa nyumba hadi nyumba. Ilipofika saa tisa alasiri, vipaza sauti vya mtaa vilikwaruza juu ya nguzo.

"Wakazi, tunaomba msaada. Anatafutwa mama wa miaka themanini na moja, mfupi, sweta la zambarau, kandambili za bluu. Ametoka nyumbani tangu asubuhi."

Takumi aliliangalia sweta la mkwewe. "Mama, wanakutangaza wewe!" alitania.

"Ndiyo," alijibu Fusae, macho kwenye chenza lake. "Niliwapigia polisi simu mwenyewe. Nikasema mimi ni Chizuru."

"Mama! Kwa nini?"

"Wanataka mtu wa nyumbani ndiye apige. Wewe hukuwapo."

Maneno hayo yalimchoma Chizuru. Alisingizia kufuata mkoba, akaenda mlangoni kuficha machozi. Pale chini palikuwa na jozi tatu za viatu: vyake, vya Takumi na vya Honoka. Kandambili za bluu, alizomnunulia mama kwa mkono wake, hazikuwapo. Aliinama kuzitafuta. Kabla hajainuka, kengele ililia.

Alikuwa polisi, amemshika kiwiko bibi mfupi aliyetota. Sweta la zambarau, kandambili za bluu, miguu imejaa tope.

"Wewe ndiye Chizuru uliyepiga simu? Tumemkuta kwenye mfereji, kule kwenye mashamba ya mpunga. Tungechelewa kidogo tu tungemkosa."

Yule bibi aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayesalimia mgeni. "Samahani, dada. Hujamwona binti yangu? Alisema atakuja leo."

Chizuru aligeuka. Mezani chai ya Fusae ilikuwa imejaa vile vile, na chenza limemenywa nusu. Takumi alikuwa amesimama, uso umemparama, akipatazama mahali palipokuwa na mtu sasa hivi.

"Mama," Honoka aliita, "Bibi kaenda wapi?"

Chizuru alipiga magoti, akaishika ile miguu yenye tope. Ilikuwa ya barafu.

"Yuko hapa," alisema huku akilia. "Bibi yako yuko hapa."