Mstari wa Nne wa Kiboko

Gitaa la Sixte liliacha kusikika kwa watu wazima siku ya Jumamosi, saa nane mchana, wakati wa kulishana keki kwenye harusi moja pale Majengo. Alikuwa katikati ya wimbo. MC aligonga maikrofoni kwa kidole, fundi mitambo akabadilisha waya, akapuliza tundu la spika, akasema labda ni umeme. Watoto waliokaa mbele kwenye mkeka waliendelea kucheza, tena kwa mapigo, na walipokemewa walisema mbona muziki unapiga. MC akachomeka flashi yenye nyimbo za Dar es Salaam na shughuli ikaendelea. Sixte alifunga gitaa lake kwenye kitenge, akaenda kupanga foleni ya pilau.

Yeye mwenyewe hakusikia kitu. Alikuwa na miaka hamsini na moja, na kilichomfikia ni mtikisiko tu wa ubao kifuani.

Mkewe, Esteria, hakupenda mambo yaning'inie. Kesho yake aliwaita watoto wa mtaa mzima barazani, akawapanga kwa urefu kama wanaosubiri chanjo, akamwambia mumewe apige. Wote walinyosha mikono kwamba wanasikia. Masele, kijana wa bodaboda wa nyumba ya pili, alisikia Jumanne, Jumatano hakusikia. Mama yake alipotoa kadi ya kliniki sandukuni wakakuta Jumatano hiyo ndiyo ametimiza miaka kumi na nane. Masele alifurahi sana, maana alikuwa amechoshwa na kuitwa mtoto. Esteria akasema basi imejulikana, akarudi kuchambua maharage.

Kazi za harusi zikakauka. Sixte hakuhangaika, alikuwa amechoka tangu zamani, kwa miaka thelathini ya kuwapigia watu wakila na kuongea, na sasa uchovu ulipata tu mahali pa kukaa. Aliendelea kuwapigia watoto barazani. Ili ajue kama anapatia alitazama miguu yao: ikienda pamoja, wimbo uko sawa, ikigongana, kuna uzi umelegea. Lakini kupiga kwa macho kunachosha kuliko kulima, na ndipo akaanza kuandika mashairi. Maneno angalau aliyaona.

Kuandika hakukuwa kugeni kwake kama watu walivyodhani. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi, miaka mingi kabla familia yao haijapewa uraia, na huko kitabu kizima hakukiona mpaka alipoanza shule. Mama yake, Donatille, aliuza karanga stesheni, akizifungia kwenye kurasa za vitabu vikuukuu. Hizo kurasa ndizo zilizomfundisha Sixte kusoma. Alisoma nusu ya safari ya sungura kwenda kwa mfalme. Alisoma namna ya kupalilia pamba bila kujua pamba inavunwa lini. Alisoma barua ya mapenzi iliyokatika pale kijana anapotaka kutaja jina. Ukurasa wa karanga husokotwa ukawa na ncha, na kwa mkono wa Donatille ncha ilikuwa siku zote upande wa chini, kwa hiyo mstari wa mwisho ulikuwa umechanika au umelowa mafuta. Na bibi yake, aliyembembeleza kwa nyimbo za Kirundi, alikuwa akisinzia kabla ya mtoto. Sixte alikua akiamini kwamba ndivyo utunzi ulivyo, unakomea karibu na mwisho.

Mwalimu Dafrosa, aliyemkaribisha shuleni kila Ijumaa mbele ya darasa la watoto mia na thelathini, alimrudishia karatasi za kwanza akiwa ameandika kwa wino mwekundu: *malizia*. Sixte alijaribu, akashindwa. Basi watoto wakawa wanamalizia wenyewe kwa kelele, na Dafrosa akaona heri iwe hivyo. Shairi walilolipenda kuliko yote lilikuwa hili:

*Kiboko wa Sitalike,*
*tope ndiyo shuka yake,*
*amelala peke yake,*

Hapo Sixte alinyamaza na darasa likalipuka. Kameza kiatu chake! Kasahau jina lake! Kavunja kitanda chake! Kila Ijumaa kiboko alipata mwisho mpya, na kila Ijumaa watoto walicheka mpaka wakaegemeana.

Mmoja tu hakupiga kelele. Rosine, binti wa Dieudonne, mdogo wake Sixte, alikuwa ametoka kijijini Kasekese kuja kukaa kwa baba mkubwa wake amalizie shule ya msingi mjini. Alikuwa akiosha vyombo huku midomo inamcheza, na Sixte alipomuuliza kuhusu kiboko alijibu, "Bado nautafuta, baba mkubwa. Huo wa kiatu siyo wenyewe." Sixte alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na hakuona haya kusema. Rosine alifaulu kwenda kidato cha kwanza. Esteria akamnunulia sketi ya shule, ndefu kidogo, ili akue ndani yake. Kisha Rosine akaenda kwao Krismasi, na Januari hakurudi.

Dieudonne alipiga simu. Alisema kuna sendofu, sherehe ya kumuaga Rosine, Jumamosi, na mwenye kuoa ni mtu mzima mwenye mashine ya kusaga. "Mahari imeshaliwa, kaka. Uje na gitaa. Halisikiki, lakini litawatuliza watoto."

"Rosine ana miaka kumi na minne," Sixte alisema.

"Ana kumi na nane. Kadi iliungua."

Esteria alikataa kwenda. Alikunja ile sketi akaiweka chini ya godoro, akalala juu yake siku nzima akiupa ukuta uso. Sixte alienda, kwa kuwa alifikiri kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu. Alifikiri: nitapiga, na wote wataona.

Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani kwa Dieudonne, viti vya plastiki vimepangwa, wageni wamekaa wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Rosine aliketi mbele kwenye kochi lililoazimwa, gauni limebanwa mgongoni kwa pini saba. Saa tisa alasiri walipomaliza kula, MC alimwita baba mkubwa awachangamshe watoto. Sixte akakaa kwenye kigoda, akapiga.

Watoto walianza kucheza. Na chini ya gauni, kiatu cha Rosine kikaanza kugonga ardhi, taratibu, pamoja na miguu ya watoto wote. Kisha bega. Kisha akainuka, uso wake ukiwa umefunguka kama siku za barazani, akaingia katikati ya wenzake akacheza.

Wageni wakaacha kujipepea. Hakukuwa na mgeni asiyejua habari za gitaa lile. Dieudonne alitazama viatu vyake. Bwana mwenye mashine akajikuna shingo. Sixte aliona wameona, na kwa muda wa kama ubeti mmoja moyo wake ulikuwa mwepesi kabisa.

Ndipo Hilaria, shangazi wa bwana harusi, mama wa miaka sitini mwenye goti bovu, akasimama akasema, "Jamani, mbona hata mimi nasikia?" Akaanza kucheza. Katekista akasema hata yeye, tena vizuri sana. Mwenyekiti wa kamati akavua koti. Haukupita muda watu wazima wote walikuwa wamesimama, wakitikisa vichwa, wakipiga makofi, kila mmoja kwa mapigo yake, na vumbi likapanda mpaka kwenye turubai.

Sixte akainua vidole kutoka kwenye nyuzi, akaacha kupiga. Mkono wa kulia tu ndio aliouacha uende juu na chini hewani.

Watoto wakasimama palepale. Rosine akasimama. Watu wazima waliendelea kucheza. Walicheza mbele ya gitaa lisilopigwa, wakijifutia jasho, na Hilaria akapiga kigelegele. Rosine aliwatazama mmoja mmoja. Mama yake alimfikia, akamshika mikono yote miwili, akaanza kumtikisa ili naye acheze. Baada ya kidogo Rosine akacheza mwenyewe, bila mapigo, kama wao.

Sixte alimfuata ndugu yake nyuma ya jiko. "Dieudonne, mtoto anasikia. Umeona."

"Kila mtu anasikia, kaka."

Jumatatu alienda kwa afisa mmoja anayehusika na ndoa za watoto. Afisa alimkaribisha kiti, akamsikiliza vizuri, akakumbuka kwamba na yeye alikuwepo. "Hata mimi nilisikia, mzee. Ulipiga sana siku ile." Sixte alisema asante, akarudi nyumbani amechoka mpaka kwenye kope.

Tangu hapo kazi zilirudi. Sendofu nyingi za upande ule zilimtaka Sixte na gitaa lake, ili watu wazima wacheze. Alikataa zote. Wakaanza kukodi kijana mwenye gitaa lisilo na nyuzi, na shughuli zilienda vilevile.

Mwezi wa nane, Alhamisi, Rosine alipita Majengo akitoka kliniki. Mimba ilikuwa kubwa, na kadi ameishika mkononi. Mumewe alikuwa dukani ng'ambo akinunua mkanda wa mashine, pikipiki ameiacha barabarani. Watoto walikuwa barazani wakisoma kiboko. Walifika mstari wa tatu, wakavuta pumzi.

"Anaota mama yake," Rosine alisema.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja aliurudia polepole, kisha wakaurudia wote. Sixte alichukua kalamu akauandika chini ya ile mitatu, na shairi likawa limekwisha. Lilikuwa la kwanza kwisha maishani mwake. Esteria alitoka na kiti, akamkalisha msichana, akaingia ndani tena kwa sababu alikuwa analia.

"Bado unasikia?" Sixte aliuliza.

"Nasikia. Lakini nyumbani wananiambia nisiringe, hata wao wanasikia."

Sixte alichukua gitaa akapiga, akiutazama mguu wa Rosine uliovimba ndani ya kandambili, ili ajue wimbo umefika wapi. Mguu uligonga sakafu, sawasawa, ubeti wa kwanza na wa pili. Honi ya pikipiki ilipolia ng'ambo, mguu uliacha. Rosine akaaga, akashuka ngazi akijishika kiuno. Sixte aliendelea kupiga mpaka mwisho, bila kujua kama anapatia.