Hukumu ya Mtu Mmoja

Tulishinda! Nilishuka ngazi za mahakama ya shirikisho hapa Puebla viatu mkononi, nikicheka peke yangu. Jaji alikuwa ameipima sheria ya dawa za kulevya kwa katiba na kuiona imepungukiwa: mtu mzima ana haki ya kuamua ataishi vipi, kwa hiyo mteja wangu, Doña Hermelinda, aachwe apande bangi nyumbani kwake. Alikuwa fundi cherehani, sasa vidole vimepinda kwa baridi yabisi, na kinachompa usingizi ni kujichua kwa spiriti iliyolowekwa majani ya mche wake mmoja.

Kulikuwa na kikwazo. Kwetu, hukumu kama hii humkinga aliyeomba tu, na mumewe, Don Crescencio, alikataa kabisa kuomba naye.

"Niishitaki Jamhuri? Mie nina akili zangu," alisema.

Basi mezani kwao, tukila kuku wa sherehe, nikamwonya. "Mche usiushike, usiumwagilie, hata ndoo ulimopandwa usiisogeze. Nicandro anakuvizia."

Nicandro ni polisi, jirani yao. Tangu asikie hukumu hashuki kutoka juu ya paa lake, kazi kuchungulia. Na mche ukifa ndiyo basi, maana jaji hakumruhusu Doña Hermelinda kununua mbegu wala kupewa.

Kabla hatujamaliza kula, mvua ya mawe ikaanza.

"Mche wangu!" Doña Hermelinda akakwea ngazi ya chuma hadi juu ya paa tambarare ulikokaa, akijishikilia kwa viwiko. Tukamfuata. Alikuwa ameikumbatia ndoo kifuani, lakini ngazi ilishajaa barafu, na mwenye ndoo mikononi hana mkono wa kujishikilia. Nami hukumu hainikingi! Nilibaki natapatapa, wakili mzima, kesi yangu nzuri ikichapwa mawe.

"Nipe hiyo ndoo!" akafoka Don Crescencio.

"Thubutu! Unataka kufungwa?"

Mzee akamtazama, akamtazama na Nicandro aliyenyoosha shingo ng'ambo. Kisha akainama, akamnyanyua mkewe mzimamzima, ndoo na yote, akaanza kushuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye chuma, mgongo ukimlia.

"Don Crescencio!" Nicandro akapiga kelele. "Umeshika bangi!"

"Nimeshika mke wangu! Kawashitaki walionifungisha ndoa!"

Nilicheka hadi nikakaa kwenye barafu. Hakuna kifungu cha sheria kinachokataza kubeba mke; Nicandro akaingia ndani.

Chini, jani moja tu lilikuwa limechanika. Doña Hermelinda alikuwa amefumba macho, shavu limeegemea shati lililolowa. Tangu binti yao aolewe sikuwahi kuwaona hata wakishikana mikono.

"Wakili," mzee akaniambia akihema, "kesho niandikie na mimi ombi. Ndoo peke yake ni nyepesi kuliko huyu."

Mkewe akampiga kofi la bega kwa vidole vile vibovu, akicheka, machozi yakimtoka. Hakuomba ateremshwe, wala mzee hakumteremsha.