Ndani ya Pipa, Mbele ya Kamera

Nilikwama saa nne asubuhi mbele ya watu kumi na mmoja, na wote walicheka. Nawakumbuka mpaka leo kwa mpangilio wa jinsi walivyocheka. Wa kwanza alikuwa mwongozaji. Wa mwisho alikuwa ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye kwa wembamba wake tulimwita Mifupa. Naye alicheka, sitamficha.

Ilikuwa filamu ya mateke na vichekesho, bajeti yake haifiki harusi ya maskini. Tulikuwa tunaipigia ndani ya ghala la zamani la unga. Ukikohoa mle, vumbi linakudondokea kutoka darini. Sisi waangukaji tulikuwa sita. Kazi ya mwangukaji ni nyepesi kuieleza: shujaa anarusha teke, linapita shibiri nzima mbele ya pua yako, nawe unajitupa kama uliyegongwa na lori. Hadithi ilitaka majambazi arobaini, kwa hiyo ukishaanguka unatambaa mpaka nje ya picha, unabadilisha shati, unabandika masharubu, unarudi kupigwa upya. Kuna siku nilikufa mara tisa kabla ya chai.

Shujaa tulimwita Teke. Alikuwa shemeji wa mwongozaji, kaka wa mkewe, na hakuweza kuinua mguu kupita kiuno bila kushika ukuta. Uhodari wake wote ulikuwa migongoni mwetu. Sisi ndio tulioanguka vizuri, yeye ndiye aliyebandikwa ukutani kwenye matangazo, kifua wazi. Siku niliyowaambia wenzangu jambo hilo wakanipachika jina la Katiba, kwa dhihaka. Nililipokea. Mtu aliyejifunza kusoma mwenyewe kwa magazeti ya kufungia vitumbua hachagui jina la kuitwa.

Sasa, pipa. Lilikuwa la chuma, jembamba, lile la mafuta ya kula. Tukio lilikuwa hivi: Teke ananipiga, narudi kinyumenyume, natumbukia pipani kwa makalio, miguu juu, watazamaji wanakufa kwa kicheko. Tulishalifanya mara mbili wiki ile bila shida, kwa sababu ndani ya pipa huwa tunashindilia magunia matatu ya makapi. Unakaa juu ya magunia, unatapatapa, unatoka. Asubuhi ile Teke alitakiwa kuruka kutoka kwenye ngazi, akalalamika kwamba sakafu ni ngumu. Mwongozaji akaamuru magunia yatolewe pipani akatandikiwe shemeji. Mimi nilikuwa nje nabadilisha shati. Hakuna aliyeniambia.

Nilizama mpaka kwapani. Magoti yakaja kidevuni, mikono ikabaki nje kama ya mtoto anayeogeshwa kwenye beseni, na kitu fulani mgongoni kikalia ko. Wakanivuta. Wakaleta sabuni, wakaleta mafuta, wakanilaza na pipa langu wakanivingirisha kama gurudumu. Sikutoka hata inchi.

Nikasema pipa likatwe. Mtaa wa nyuma kulikuwa na fundi mabati, mwendo wa dakika tano. Mwongozaji akaliangalia pipa, akaniangalia mimi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Pipa hilo, akasema, limeshaonekana kwenye picha kumi na tisa. Likikatwa halitafanana na lile la picha za mwanzo, na wiki nzima ya kazi imekufa. Kisha nikaona macho yake yanawaka. Akasema mbona hii ni nzuri kuliko tulivyopanga: jambazi amekwama, na vita yote inapigwa akiwa pale katikati. Tumalize mapambano, ndipo tukate. Saa moja tu, kaka, vumilia.

Saa moja ya watu wa filamu naijua.

Wakanisimamisha katikati ya ghala. Teke akawa anapigana kunizunguka, anapumzika kwa kuegemea kichwa changu, anapigia watu makofi juu ya utosi wangu. Nikaanza kutukana. Nilitukana kwa mpangilio, kwa tarehe, tangu filamu ya kwanza tuliyomfanyia mtu yule. Nilitaja godoro tuliloomba mara nne. Nilimtaja mwenzetu aliyevunjwa meno kwa rungu la kweli kwa sababu la sifongo lilisahaulika. Dada aliyeshika kamera akamtazama mwongozaji, kana kwamba anauliza azime. Mwongozaji akatikisa kichwa, akanisogelea, akaniambia kwa upole kabisa:

"Endelea, kaka. Sauti tunaweka baadaye. Mdomo ukicheza tu, maneno tutakutafutia."

Hapo ndipo nilipojua nimekwama. Lile pipa lilikuwa nusu yake tu. Nimesimama kwenye mikutano ya hadhara nikazomewa, nimefukuzwa kazi viwanda vitatu kwa ajili ya mdomo huu, lakini hakuna aliyewahi kuuacha useme kisha akauwekea maneno ya mtu mwingine.

Basi nikanyamaza. Nikafumba macho, nikalegeza shingo. Nikajiambia wasipate uso wangu, tuone watafanya nini. Nikamsikia mwongozaji akifurahi: safi sana, sasa amezimia. Wakanimwagia ndoo ya maji. Nilipofumbua macho kwa baridi, kamera ilikuwa shibiri moja kutoka puani, na ghala zima linacheka.

Saa saba wakaenda kula. Waliniletea wali kwa kijiko, sitasema walininyima. Ila ilikuwa wakati huo, nikitafuna, nilipojaribu kuchezesha vidole vya miguu na vidole havikujibu. Kwanza vilikuwa vinachoma kama siafu. Sasa hakukuwa na siafu wala vidole. Kuanzia kiunoni kushuka nilikuwa nimeisha.

Nilimwambia mwongozaji. Akasema bado picha sita.

Picha ya kwanza baada ya chakula ilimhusu Mifupa. Teke ampige, naye aanguke kwa kupitia juu ya pipa langu. Akaja kusimama karibu, masharubu yamempinda, akisubiri wapange taa. Nikamwambia chini kwa chini:

"Ndugu yangu, miguu siisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokwenda kula."

Alijishika bega la kushoto, na nilijua kwa nini. Miaka miwili nyuma, kwenye filamu nyingine ya mtu huyuhuyu, Mifupa alisukumwa ngazini akavunjika mtulinga. Alilala pale chini akiniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo hakuna mwingine pale kazini aliyelijua. Mwongozaji akasema turudie, apelekwe mwingine ngazini. Huyo mwingine alikuwa mimi. Nilimruka Mifupa, nikapanda ngazi, nikaanguka vizuri. Mimi, Katiba. Mama mdogo alikuja kuniuliza, nikamwambia ajali kazini. Nina kumbukumbu ndefu ya makosa ya wakubwa, na nusu ya urefu huo ni kuzunguka kosa langu hili moja.

Kwa hiyo sikumwomba. Ningeomba kwa uso upi?

Mwongozaji akatoa amri. Teke akanguruma, akarusha teke, likapita mbele ya pua ya Mifupa. Mifupa akasimama.

Alisimama tu, mikono ubavuni, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Teke akadhani amekosea, akarusha tena. Mifupa akalitazama teke linavyopita. La tatu lilimgusa kweli, tumboni, na aliyeanguka alikuwa Teke.

"Wewe vipi, anguka basi, unaniharibia," Teke akalalamika kutoka chini.

"Leo nimeshiba, shemeji wa watu. Sianguki."

Akaingizwa mwangukaji mwingine mahali pake. Naye hakuanguka. Wakaja wote watano kwa mkupuo, na Teke akawapita akirusha mateke mpaka akashika magoti akihema, na watano wamesimama wima kama nguzo za umeme. Moyo ukanijaa. Miaka yangu yote ya kuhubiri, na ndiyo hii sasa.

Kisha nikamsikia mwongozaji akicheka, cheko la mtu aliyeokota kitu. Akamwambia dada wa kamera asizime: shujaa asiyeweza kumwangusha mtu, nani amewahi kuona? Endeleeni hivyohivyo, vijana, msianguke. Mgomo wetu ulikuwa umeshakuwa kichekesho, na wenzangu wanne wakaangaliana, hawajui tena kama kusimama ni kukataa au ni kutii.

Mifupa hakumtazama mtu. Aliinama, akaingiza mikono chini ya pipa, akanyanyua kwa bega lile lile bovu. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Mwingine akashika upande wa pili, kisha wote. Wakanibeba hadi nje, jua likanipiga usoni, na tukashika barabara ya nyuma, majambazi watano waliovaa nyeusi tititi wamebeba wa sita kama sufuria ya shughuli. Wauza maji wakatupisha. Mwongozaji alitufuata mbio, kamera amemnyang'anya dada, anapiga, anasema hii hii, huu ndio mwisho wa filamu.

Fundi mabati hakuuliza mengi. Alipitisha ubao kati ya chuma na ubavu wangu, akashika patasi. Mwongozaji akachuchumaa mbele yangu na jicho la kioo la kamera. Mifupa akaja, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Hapa hapapigwi picha," akasema.

Mwongozaji akasogea kulia, kiganja kikamfuata. Akasogea kushoto. Akatishia kwamba atakayebaki pale asirudi kazini. Mifupa hakutoa mkono. Bega lilikuwa linamuuma, lakini mkono haukutoka, nyundo baada ya nyundo, hadi mwongozaji alipoondoka na kamera yake.

Pipa lilipofunguka nilidondoka kwenye vumbi la chuma, na hakuna aliyecheka. Mifupa aliisugua miguu yangu kwa mikono miwili. Siafu walianza kurudi baada ya muda mrefu, wakiuma vibaya. Nililia, na sikuona haya.

Nikamwambia kuhusu ngazi. Akasema anajua, alikuwepo.

Kisha mmoja wetu akakumbuka kwamba nguo zetu na viatu vyetu vimebaki ghalani. Alikwenda kuchungulia, akarudi. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Tukakaa kwenye kibaraza cha fundi, sita, tumevaa nyeusi, tumebandika masharubu, hatuna kazi, tunasubiri niweze kusimama.