Wateja Wenye Nidhamu

Siku ya tatu ya mafunzo, saa nne kasorobo, mkufunzi alikuwa akieleza namna ya kupunguza mahitaji ya maji mjini pale marehemu wa mtaa wa juu walipoingia kwenye ukumbi wa hoteli. Walikuwa kumi na mmoja. Walijiandikisha kwenye daftari la mahudhurio, wakakaa nyuma. Karani aliwataka radhi kwamba chupa za maji hazitawatosha. Wakasema hamna shida.

Mmoja wa washiriki, mhandisi wa mabomba, mwanamke wa makamo, alimtambua mama yake mdogo kati yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufungia mtaa ule koki kuu, kwa amri ya wakubwa, eti kwa wiki mbili. Sasa zilikuwa zimefika tisa. Watu wakachota mtaroni, wakaanza kuharisha. Mama mdogo, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa wa sita kuzikwa.

Wakati wa chai alimfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huli?"

"Nakula. Mama, si ungeniambia maji yamekwisha, nikakuletea?"

"Nilikupigia. Ukasema uko kikaoni."

Ilikuwa kweli. Mhandisi akainamisha kichwa.

"Nyamaza, usilie," mama mdogo alisema. "Kiu yenyewe imeshaniisha."

Walipoketi tena, mkufunzi aliwauliza wageni wanatumia lita ngapi kwa siku.

"Hata tone," alijibu fundi viatu mmoja, marehemu wa mwezi uliopita.

Mkufunzi aliandika sifuri ubaoni, akaizungushia duara. Alisema tangu aanze kazi hii hajapata kuona wateja wenye nidhamu namna hiyo. Washiriki wakanakili. Dirishani, nyasi za hoteli zilikuwa zikimwagiliwa.

Mhandisi alinyoosha mkono. "Hawa wamekufa."

"Ndiyo, wameandika kwenye daftari," alisema mkufunzi. "Tuendelee."

Jioni ile mhandisi alipanda mtaa wa juu na spana yake, akafungua koki. Maji yalitoka kwa saa mbili. Watu walijaza ndoo, masufuria, hata mabeseni ya kuogeshea watoto. Kisha akaja mwenzake waliyekuwa wakikaa naye meza moja ukumbini, akaifunga.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nina watoto."

Mhandisi alifukuzwa kazi, na cheti cha mafunzo hakupewa. Cheti alipewa mama yake mdogo, ambaye hakukosa kipindi hata kimoja. Sasa huitwa kwenye kila mafunzo, akatolewa mfano. Huja na majirani zake, nao wanazidi kuongezeka. Siku hizi inabidi kukodi ukumbi mkubwa zaidi.