Alipofikia Kwenye Pampu

Safari hii Optatus hakukusudia kuzungumza habari za maji. Katika uchaguzi uliopita, alipowania udiwani, alisimama kwenye uwanja huu huu wa kijiji jirani na Mkunya, akaeleza kwa utulivu namna maji yangeweza kupandishwa kutoka bondeni. Akiwa katikati ya maelezo, wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja. Akashindwa. Tangu hapo aliamini kwamba wapiga kura wa zama hizi hawana haja na sera; wanataka ngoma, fulana, na vichekesho vya kurushiana kwenye simu.

Kwa hiyo alikuja na ngoma. Kikundi cha Dominika, mama mmoja wa kijijini hapo, kilicheza mpaka vumbi likatimka, naye Cecil, meneja wake wa kampeni, akarekodi.

"Panda, chekesha, omba kura, shuka," Cecil alimwambia. "Mambo ya pampu waachie wahandisi."

Optatus akapanda jukwaani, akachekesha. Watu walicheka kwa dhati, na moyo wake ukatulia. Lakini jua lilipoanza kulegea, wanawake wakaondoka tena, mmoja mmoja, vilevile. Hata wachezaji wawili wa Dominika walivua njuga zao, wakazishika mkononi, wakaenda zao.

Alikatiza kichekesho katikati. Alishuka, akamfuata Dominika.

"Shikamoo, Mama Alfredi."

"Marahaba, baba."

"Nimewakosea nini? Mara ile niliwachosha kwa sera. Leo nimeleta ngoma, nanyi mnaondoka."

Dominika alimtazama kwa mshangao. "Ndoo, baba. Ziko kwenye foleni bondeni tangu asubuhi. Maji ya kisima hurudi jioni, na ndoo isiyo na mwenyewe husogezwa nyuma. Nanyi wagombea nyote mnaipenda saa hiyo hiyo."

"Kumbe hata mara ile?"

"Hata mara ile. Ulidhani tumekukimbia?" Akacheka taratibu. "Kwenu Newala mjini mnakinga mvua kwenye tangi la saruji. Ungejuaje?"

Nyuma yao Cecil alikuwa akiita: wanaume bado walikuwapo uwanjani, na muda wa mkutano ulikuwa unayoyoma. Optatus aliligeukia jukwaa, kisha akaitazama njia ya bondeni. Akiwaacha wanaume wale, huenda angepoteza hata kura alizokuwa nazo.

Akashika njia ya bondeni.

Mteremko ulikuwa mkali, na viatu vyake vya mjini viliteleza kwenye mchanga. Kisimani ndoo zilijipanga hadi kwenye mihogo.

"Huku hakuna kipaza sauti, mheshimiwa," mwanamke mmoja alisema.

"Wala ngoma," mwingine akadakia. "Sijui utatuchekesha na nini."

Wakacheka wote, isipokuwa Regina, mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Alikuwa akimtazama Optatus kama mtu anayesubiri kumaliziwa habari aliyoiacha katikati.

"Mara ile niliondoka ulipofikia kwenye pampu," alisema. "Ulisema ya mafuta itatushinda, tuweke ya jua. Sikusikia nani angeitengeneza ikiharibika. Njiani nilijiuliza mpaka huku chini. Nikashindwa kukupa kura kwa sera ya nusu."

 Miaka mitano yote Optatus alikuwa amedhani kwamba hakuna aliyemsikia.

Foleni ikasogea. Aliinama, akamsaidia Regina kusogeza ndoo yake, kisha akaanza maelezo pale pale Regina alipoyaacha, kwenye pampu.