Barafu Nyuma ya Mlango wa Tisa

Nafasi ya Olimpiki ilibaki moja, na sisi tulikuwa wawili. Mimi Mengia, miaka thelathini na mitatu, goti limeshonwa mara mbili. Na Aita, binti wa kijiji cha jirani, ambaye siku yake ya kwanza juu ya ubao wa theluji aliyemfunga buti ni mimi. Wakubwa wa timu walishasema: mwenye muda bora leo, kwa mishuko miwili, ndiye atakayekwenda. Mwingine abaki nyumbani anywe supu ya shayiri.

Mshuko wa kwanza Aita alinizidi kwa nusu sekunde. Kwa watu wa kazi yetu, nusu sekunde ni safari ndefu. Tulipokuwa kileleni tukisubiri mshuko wa pili, alinigonga helmeti.

"Dada mkubwa, nimeshakuandalia kiti cha kustaafu. Kina mto mlaini."

"Kikalie kwanza wewe, huo mdomo unahitaji kupumzika kuliko goti langu."

Tukacheka, lakini hakuna aliyekuwa na furaha. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi msimu mzima tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Nilianza kabla yake. Nilishuka kama mtu aliyetukanwa. Mpaka mlango wa nane, yaani nguzo ya nane ya bendera tunayopaswa kuizunguka, sijui kama nimewahi kuteleza vizuri namna ile. Mlango wa tisa uko pale mlima unapokunjika, mtu anayetoka juu haoni mbele. Nikaubana ule mlango, nikapita karibu kabisa na nguzo kama ilivyo kawaida yangu, na chini yangu hapakuwa na theluji. Ilikuwa barafu tupu, imesuguliwa na waliotangulia. Ubao ukaniponyoka, nikaparaza kwa mkono, nikainuka, nikamaliza. Muda wangu ulikuwa mzuri, ila haukutosha. Aita alihitaji tu kushuka bila kosa.

Timu yetu ina desturi ambayo hata wasiosalimiana hawaivunji: anayefika chini huchukua simu ya upepo na kuwaambia walio juu njia ikoje. Kocha Duri akanikabidhi simu, akanitazama. Watu walikuwa wanatushangilia kwa kengele za ng'ombe pembeni mwa uzio, na nilitamani wote wanyamaze.

Niliitaka ile nafasi, jamani. Kwa ajili yake nilikosa harusi ya kaka yangu, nikakosa na mazishi ya bibi. Ningenyamaza tu, mlima wenyewe ungefanya kazi. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nikabonyeza.

"Aita, unanipata?"

"Nakupata, dada."

"Mlango wa tisa, nyuma ya mkunjo, ni barafu tupu. Usiubane. Kata kona mapema, pita mbali."

Nikasikia kicheko kifupi.

"Nipite mbali, nipoteze muda, eh?"

"Aita, nakwambia kweli! Mimi mwenyewe nusura nianguke."

"Haya, dada. Nimekusikia."

Ile "haya" sikuipenda hata kidogo. Nikabonyeza tena, lakini alishampa msaidizi simu, na mlio wa kuanzia ukasikika.

Alishuka vizuri, mtoto yule. Mlango wa nne, wa tano, wa sita, kila mmoja ananizidi kidogo. Nikawa nasema peke yangu, "Pita mbali, pita mbali." Alipotokea kwenye mkunjo alikuwa ameubana mlango kabisa, bega linaugusa. Ubao ukamtoka chini kwa ghafla, akabingirika hadi kwenye wavu. Kengele zikanyamaza.

Nikapanda mbio nikiwa na buti zangu nzito, nikimtangulia daktari. Nilimkuta amekaa, ameushika mkono wake uliovunjika, mdomo umejaa theluji.

"Nilikwambia!" nikamfokea huku nalia. "Si nilikwambia? Kwa nini hukunisikiliza?"

"Nilisikia. Nilidhani unanidanganya."

"Tangu lini mimi nimekudanganya, Aita?"

"Hujawahi." Akatazama chini, akatema theluji. "Lakini ningekuwa mimi huko chini, dada, ningekudanganya."