Mkono wa Kuume

Afua Dansowaa alikuwa amechuchumaa bafuni, ndoo mbele yake, vidole vilipoligusa tena lile donge. Chini ya kwapa la kuume, upande ule ule titi lilipokatwa. Juma lililopita lilikuwa kama choroko. Leo lilikuwa kama karanga. Akaacha povu limkaukie mwilini.

Tangu amalize matibabu, kikohozi kwake hakikuwa kikohozi tu, wala mgongo ukiuma hakudhani ni uchovu. Daktari alimwambia akiona lolote aje, asingoje. Alimweleza mumewe, Yaw, peke yake. Yaw alikuwa dereva wa basi la kanisa, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kanisa. Alimsikiliza, akavaa viatu, akatoka bila kunywa uji.

Haikupita saa Mama Mchungaji akaingia na kitambaa cheupe mkononi, kwa ibada ya shukrani ya mavuno. Kila mwaka Afua husimama siku hiyo kushuhudia kwamba ameponywa. Uso wake umechorwa kwenye bango la kanisa, njia ya Koforidua, mkubwa kuliko mlango.

"Yaw anasema kesho unakwenda hospitali."

"Kuangaliwa tu, Mama."

"Nani alikuponya?"

"Mungu, Mama."

"Sasa unakwenda kumkagua?"

Mama Mchungaji akamfunga kitambaa mwenyewe, akarudi nyuma kumtazama, kisha kwa kidole kimoja akakisukuma juu kibunda cha nguo alichoweka Afua mahali pa titi.

"Limeshuka," akasema, akacheka kidogo. "Watu wanatoka mbali kwa ajili ya uso wako, dada. Wakisikia umerudi kule, watamwamini nani? Na Yaw atawaendesha nani?"

Kesho yake Afua hakwenda. Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Viazi vikuu na mikungu ya ndizi ilirundikwa madhabahuni. Wanawake wa kwaya walimtania kwamba weupe umempenda, utadhani bibi harusi. Usiku kucha alikuwa amemwomba Mungu, si uponyaji, bali ruhusa ya kwenda hospitali. Hakusikia neno.

Alisema maneno yake ya kila mwaka. Mchungaji akamtaka ainue mkono, watu waone. Akainua wa kushoto.

"Wa kuume, binti yangu. Upande aliokutendea Mungu."

Akainua wa kuume. Lile kwapani likavuta, kama uzi uliokazwa. Ngoma zikarindima, leso nyeupe zikapepea.

Safu ya pili alisimama msichana mwembamba, kifua kimefungwa bendeji chini ya blauzi. Alikuwa akilia kwa furaha, macho yake kwa Afua. Akatoa pochini kadi yake ya hospitali, akaikunja, akaidumbukiza kwenye kapu la sadaka.

Afua akafungua mdomo. Mkono ukaanza kushuka.

"Usishushe," Mchungaji akamnong'oneza, akimshika kiwiko. "Bado wanatoa."